Harufu ya Vanishi, Kutoka Lushoto Hadi Gerezani

Harufu ilinipokea kabla ya watu. Nilikuwa nateremka kijia cha kutoka barabara ya Lushoto, mkoba begani, mipeasi upande mmoja na matuta ya kabichi upande wa pili, nikasikia kitu kinachoungua ambacho hakikuwa kuni wala chakula. Ilikuwa vanishi ya waya. Huanza na utamu kidogo puani, kisha hukwaruza koo, na mtu aliyekulia karibu na karakana haisahau. Pale pale nikajua kwamba mashine ya kuchomelea ya mdogo wangu inaungua ndani kwa ndani, na kwamba mwenyewe bado anaifanyisha kazi.

Nilimkuta uani, ngao ya uso ameipandisha kichwani, fremu ya dirisha imelazwa juu ya matofali manne. Juu ya mashine alikuwa ametandika gunia lililoloweshwa maji. Mvuke ulipanda kama wa sufuria ya makande.

"Shikamoo kaka! Mbona hukupiga simu tukupokee?"

"Marahaba. Kwanza chomoa plagi, halafu toa hilo gunia."

"Nikilitoa sifiki kijiti cha tatu."

"Chomoa, mdogo wangu."

Alichomoa, akaiachia plagi upesi kwa sababu ilikuwa ya moto. Upande wa pini moja plastiki ilikuwa imegeuka kahawia na kubonyea. Ilikuwa plagi ya kawaida ya ampea 13, ile ile ya pasi na birika, ilhali mashine ya namna hii ikiwa kazini huvuta ampea 25 hata 30. Siku ile sikuitilia maanani. Macho yangu yalikuwa kwenye boksi la bati la bluu lililofuka moshi matunduni, na hasira yangu yote kwenye lile gunia. Maji juu ya kitu chenye umeme wa volti 230! Alikiri kwamba lilikuwa limemrusha mara mbili, na mara ya pili mkono ulimfa ganzi hadi jioni.

Mama alikuwa chumbani, mguu umefungwa mbao. Dirisha lake linatazama uani, na nilishangaa kulikuta limefungwa mchana kweupe, wakati Mama ni mtu wa kupenda hewa. Nikadhani ni baridi ya milimani.

Usiku, tukiota moto jikoni, mdogo wangu alinisimulia historia ya ugonjwa. Alipoinunua, miaka miwili iliyopita, mashine ilikuwa inachoma vijiti kumi vya kuchomelea vya geji 12 mfululizo. Baada ya miezi vikawa saba, vikawa vitano. Sasa ni viwili. Cha tatu kinaanza kunata kwenye chuma, mwanga unazimika-zimika, mashine inavuma kwa sauti nzito, na harufu inatoka. Muuzaji, katika duka moja ambalo silitaji, alimwapia kwamba ndani ni kopa tupu.

"Hapa yupo fundi wa kusuka mota za pampu," alisema, "ila transfoma kubwa hivi anaiogopa. Na mimi nimeshapokea kianzio cha madirisha kumi na mawili."

Jibu tulilijua wote wawili. Ujuzi wake aliupata Gerezani, Dar es Salaam, kwa mzee ambaye kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kusuka upya transfoma za mashine za kuchomelea. Lakini anayemwinua Mama asubuhi na jioni ni mdogo wangu. Safari ikawa yangu.

Asubuhi tuliifunga kwa kamba ya katani tukaipandisha kwenye Coaster. Ilikuwa na kilo arobaini na kitu. Watu wawili waliibeba bila kulalamika. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita zipatazo 33 za kona tupu, ukuta wa mlima mkono mmoja na korongo mkono mwingine, na pale Soni maporomoko ya maji yanakuita ugeuze shingo hata kama umeyaona mara mia. Lushoto iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walipatawala wakapaita Wilhelmstal, na walipapenda kwa ajili ya hewa. Kila kona tuliyoshuka hewa ile ilibaki nyuma. Soni nilifungua zipu ya koti. Mbele kidogo nikalivua. Tulipofika Mombo abiria walikuwa wanajipepea kwa magazeti, na upepo unaotoka barabara kuu ulikuwa kama wa mdomo wa tanuri.

Nikiwa nasubiri basi pale stendi, mashine iko miguuni, niliwaza jambo ambalo sikuweza kulieleza vizuri hadi nilipokutana na yule mzee. Kama mashine hii inachemka kule juu, ambako asubuhi mtu anaongea akitoa moshi mdomoni, ingekuwaje kama karakana ingekuwa hapa?

Safari ya Mombo hadi Dar es Salaam sina mengi ya kuisimulia. Mashamba ya mkonge ya Korogwe yalipita, safu kwa safu. Machungwa tulinunua Segera. Wami tulivuka jua likiwa utosini, na Chalinze palikuwa na foleni ya malori. Kituo cha Magufuli pale Mbezi tulikifikia giza limeingia. Nililala kwangu Buguruni na ile mashine kando ya kitanda, na alfajiri nikakodi kirikuu kutupeleka Gerezani.

Mtaa ule unausikia kabla ya kuuona. Nyundo zinagonga mabati, grinda zinapiga kelele, na katikati ya kelele kuna ule mkwaruzo wa umeme unaokula chuma, kama mafuta yanayokaanga samaki wabichi. Mageti yameegeshwa hadi kwenye lami. Vijana wanachoma wamechuchumaa, na mpita njia anageuza uso asiutazame ule mwanga. Mzee nilimkuta ndani kabisa, kwenye kibanda cha mabati kilichojaa viunzi vya mbao vya kusukia waya na mafungu ya vibati vya chuma vilivyokatwa kwa umbo la herufi E.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye kaka yake Msambaa?"

Nilitegemea achukue bisibisi. Hakuichukua. Alivuta kigoda, akaiweka mashine mbele yake kama daktari aliyemketisha mgonjwa, akaanza maswali. Inachoma vijiti vingapi kabla ya kupata moto? Vya geji gani? Inapata moto hata ikiwa imewashwa tu bila kuchoma? Umeme anautoa wapi, kwenye mita au kwenye soketi ya chumbani? Kebo yake ni ndefu kiasi gani, na nene kiasi gani? Grinda anaitumia akiwa upande gani wa mashine? Ukutani imeegeshwa vipi?

Sikuwa na jibu la maswali zaidi ya mawili. Nikampigia simu mdogo wangu, Mzee akasikiliza kwa makini, na alipofika kwenye habari ya kebo alifumba macho kidogo, akasema "aah," kisha akaendelea na mengine. Ile "aah" nilikuja kuielewa siku tatu baadaye.

Kipimo chake cha kwanza ni cha bei nafuu kuliko vyote nilivyowahi kuona. Ana balbu ya wati 100 ya zamani, ya uzi, aliyoifunga kwenye ubao. Aliiunganisha kwa mfuatano na koili ya kwanza, ile inayopokea umeme wa ukutani, huku koili ya pili, inayolisha kijiti, ameiacha wazi bila kushikana na chochote. Transfoma nzima ikiwa haina kazi huvuta umeme mdogo sana, na balbu inabaki na wekundu hafifu kama kaa la mkaa linalokufa. Mizunguko ya waya ndani ikiwa imegusana, umeme unazunguka bure kwenye hicho kitanzi kilichoshikana, na balbu inang'aa. Yetu iliwaka nusu mwanga. Mzee aliitazama bila kusema, kisha akaizima.

"Haijafa yote," alisema. "Lakini imeanza kujila."

Tulipofungua bati, kitu cha kwanza kilikuwa vumbi. Vumbi la grinda ni unga wa chuma, linapitisha umeme, na lilikuwa limejaa kila upenyo ambamo hewa ilipaswa kupita. Feni ilikuwa inazunguka kwa shida, mapanga yake yamevaa sufu ya kijivu. Mzee alilipuliza kwa kompresa akianzia ndani kwenda nje, hewa kavu. Maji hayagusi humu, alisema, na aliposikia habari ya gunia alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, kama mwalimu aliyeambiwa kwamba mwanafunzi wake mzuri amefeli. Mafundi wengi wanaosumbuliwa na joto, aliniambia, wangepona kwa kazi hii peke yake kila mwezi: kufungua, kupuliza, kukaza nati.

Za kukaza zilikuwepo pia. Bolti inayoshika kebo ya holda ilikuwa imelegea na kugeuka rangi ya zambarau. Kiungo kilicholegea kina ukinzani, na panapokuwa na ukinzani umeme unaacha joto. Alikisugua kwa msasa hadi kikang'aa, akaweka washa mpya.

Kisha akachukua wembe, akakwaruza waya wa koili ya kwanza. Kwa nje ulikuwa na wekundu mzuri wa shaba. Chini ya mkwaruzo ukatokea weupe.

Alinipa nishike. Nilikwaruza mwenyewe mahali pengine, nikitumaini sijui nini. Weupe tena. Ilikuwa alumini iliyopakwa vanishi yenye rangi ya kahawia-nyekundu, na mdogo wangu aliilipia kama kopa. Niliona uchungu uliopita wa fedha. Nilimwona amechuchumaa pale uani anaibembeleza mashine kwa gunia bichi, akidhani kosa ni lake.

Mzee hakumtukana aliyeisuka, na naona hapa alikuwa mwadilifu kuliko mimi. Alumini si waya mbaya, alisema. Nyaya nyingi za umeme zilizo juu ya nguzo ni za alumini. Ila ukinzani wake ni kama mara 1.6 ya ule wa shaba, hivyo anayetaka kuitumia lazima aweke waya mnene zaidi kwa kiwango hicho hicho, na transfoma iwe na nafasi ya kuupokea. Huyu aliweka alumini kwa unene ule ule wa shaba. Kwa ampea zile zile, joto likawa mara 1.6.

Na joto la umeme halina huruma katika hesabu zake. James Prescott Joule, kijana wa familia ya watengeneza bia wa Salford, Uingereza, alilionyesha hilo mwanzoni mwa miaka ya 1840: ampea zikizidishwa mara mbili, joto kwenye waya linazidi mara nne. Ndiyo maana fundi anayeongeza umeme "kidogo tu" ili kijiti kisinate anaongeza moto mwingi kuliko anavyodhani. Vanishi inayotenganisha mzunguko na mzunguko nayo ina kikomo. Ya daraja la chini, ile ya kuloweshea pamba na karatasi, inavumilia nyuzi 105 za Selsiasi. Ya daraja la juu inafika 180. Tangu miaka ya 1930 wahandisi wa transfoma wamekuwa wakitumia kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi kama 10 juu ya kikomo hupunguza maisha ya kihami kwa nusu. Hapo nikaielewa ile hesabu ya mdogo wangu, ya vijiti kumi, saba, vitano, viwili. Kila siku ya joto ilikuwa inakula siku kadhaa za mbele.

Siku mbili nilikaa pale. Mzee na kijana wake walifungua waya wa zamani mzunguko kwa mzunguko, kijana akihesabu kwa sauti na Mzee akiandika kwenye daftari la shule: 160 koili ya kwanza, 42 ya pili. Ukiwa na volti 230 upande huu, upande ule unapata 60 hivi, zinazotosha kuwasha mwali. Kupoteza hesabu hapa ni kuharibu kila kitu, maana koili ya kwanza ikiwa na mizunguko pungufu chuma cha katikati kinashiba sumaku, na mashine inavuma na kuchemka hata kabla haijagusishwa kijiti. Waya mpya ulikuwa shaba. Walikwaruza mbele yangu kabla ya kuanza. Kila tabaka likalazwa kwa mkono, likagongwa taratibu kwa nyundo ya mbao, likatandikiwa karatasi ngumu ya kuhami, na katikati ya matabaka wakaacha vijiti vya kutenganisha ili upepo wa feni upite. Aliyesuka mwanzo hakuwa ameacha upenyo hata mmoja. Mwisho wakaimwagia vanishi, wakaiingiza ndani ya pipa lenye balbu nne, ikalala humo usiku kucha ikikauka.

Wakati tunasubiri, alikuja kijana na mashine ya inveta, hizi nyepesi za kubeba kwa kamba begani, akilalamika kwamba taa ya njano inawaka kila dakika tano na kazi inasimama. Mzee alimwambia jambo ambalo ningependa kila mwenye mashine alisikie: taa hiyo ndiyo rafiki yako. Ndani kuna swichi ya joto inayokata umeme kabla vifaa havijaungua na kurudi yenyewe vikishapoa. Wapo mafundi wanaoiruka kwa kipande cha waya ili mteja aridhike. Huyo, alisema Mzee, amemfumba mlinzi macho kwa kitambaa. Na ikiwa imewaka usizime mashine. Iache feni ipulize. Alikataa kuifungua siku ile ile, kwa sababu kapasita za inveta hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Aliiweka kando kwanza, na baadaye akapima kwa mita kabla ya kuingiza kidole. Tatizo lilikuwa vumbi kwenye mapezi ya kupozea, na mafuta ya kupitishia joto yaliyokauka na kupasuka.

Nilimuuliza Mzee habari ya kibati cha mbele cha mashine yetu, kilichoandikwa ampea 250 kwa herufi kubwa.

"Kimeandikwa ampea. Dakika zimeandikwa wapi?"

Hazikuwapo. Mashine iliyopimwa kwa uaminifu hukuambia yote mawili, na kipimo huwa cha dakika 10 mahali penye nyuzi 40. Ikiandikwa ampea 200 kwa asilimia 20, maana yake katika kila dakika 10 utachoma 2 na kuipumzisha 8. Ukishuka hadi ampea 140, unapata dakika 4. Ukishuka hadi 100, unapata 8. Kijiti kimoja cha geji 12 huisha kwa dakika moja hivi. Lakini fundi anayefuata kazi vizuri, Mzee alisema, hahitaji saa: akimaliza kijiti anagonga maganda, anapiga brashi, anaangalia mshono wake, anageuza chuma, anapima kona. Pumziko la mashine limo ndani ya kazi nzuri. Mashine inauawa na yule anayejaza vijiti mfululizo halafu anagonga maganda yote jioni.

Hapo nikamwuliza lile la Mombo. Alicheka kwa furaha. "Umefikiri vizuri. Baridi ya kwenu ilikuwa inamficha mgonjwa. Ingekuwa hapa Gerezani, chini ya bati hili, ingekufa mwaka wa kwanza, na ndugu yako angeirudisha dukani mapema. Kule ilikuwa inapozwa na hewa ya bure."

Aliponiaga alinipa kipande cha ule waya wa zamani, mwekundu nje na mweupe ndani, nimpelekee mwanafunzi wake. Akanipa na kazi. "Nimetengeneza nusu. Nusu nyingine iko kwenu. Ukifika, pima umeme mahali pawili yeye akiwa anachoma: kwenye mita ya nyumba, na pale unapoingia mashine. Halafu nipigie."

Wakati wa kurudi mpakiaji pale Mbezi alinyanyua, akaweka chini, akamwita mwenzake. Shaba ya ujazo ule ule ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini. Nililipia mzigo zaidi ya nilivyolipa kuja, na kusema kweli nililipa kwa moyo mweupe.

Nilifika jioni. Mdogo wangu aliushika ule waya, akaukwaruza kwa kucha, akauweka mfukoni bila neno. Asubuhi tukapima. Kwenye mita ya nyumba, mashine ikiwa imezimwa, palikuwa na volti 224. Alipoanza kuchoma zikashuka hadi 212. Hilo tulilielewa, maana nyumba iko mbali na transfoma ya kijiji, na umbali una gharama yake. Nikahamia kwenye mashine, yeye akachoma tena. Mita ikasoma 183.

Volti 29 zilikuwa zinapotea kati ya ukuta wa nyumba na pale aliposimama.

Tukaifuata kebo. Ilikuwa ya milimita za mraba 1.5, ya kufungia taa, mita 50, na nusu yake ilikuwa bado imezungushwa kwenye ringi ya gari kwa sababu hakuihitaji yote. Niliingiza mkono katikati ya ile ringi nikautoa upesi. Volti 29 kwa ampea 25 ni zaidi ya wati 700. Ilikuwa kama pasi iliyowashwa tangu asubuhi na kufungiwa ndani ya mzingo wa waya, hainyooshi nguo ya mtu. Mashine ikipokea volti 183, mwali haushiki, kijiti kinanata. Akipandisha swichi ya ampea hadi hatua ya mwisho, ampea zinaongezeka, kebo inakula zaidi, waya ndani ya mashine unachemka zaidi. Kumbe alumini ilikuwa nusu tu ya habari. Tungeirudisha shaba ile kwenye kebo ile ile, nayo ingeanza safari yake kutoka vijiti kumi kwenda saba.

Nilimpigia Mzee, akapokea kwa "aah" ile ile.

Mchana tulishuka Lushoto mjini. Tulinunua kebo ya milimita 6, mita 15 tu, na plagi nzito ya ampea 32 yenye soketi yake, na fundi umeme wa mtaani akaivuta moja kwa moja kutoka kwenye bodi, ikiwa na swichi yake ya kukata. Sehemu ya kuchomea ikahama kutoka mwisho wa ua ikaja kando ya nyumba. Mashine ikapandishwa juu ya matofali, mgongo wake umeachana na ukuta kwa hatua nzima, na grinda ikahamishiwa upande ambao upepo unatoka kwetu kwenda kwake. Tukapima tena: 212 kwenye mita, 210 kwenye mashine.

Akavaa ngao. Alishusha swichi ya ampea hatua mbili chini ya alipozoea, akasita, akanitazama.

"Haitashika kaka."

"Jaribu."

Ilishika mara ya kwanza. Mwali ulikuwa mweupe na sauti kavu, isiyokatika. Kijiti cha kwanza. Akagonga maganda. Cha pili. Akapiga brashi, akageuza fremu. Cha tatu kilipoanza niliona mabega yake yamekakamaa, anasubiri kinate, na hakikunata. Cha saba alikuwa ameacha kuhesabu, mimi ndiye niliyekuwa nahesabu. Cha kumi na mbili alisimama mwenyewe, si kwa sababu ya mashine, fremu ilikuwa imekwisha. Aliiacha feni ipulize. Tuliweka viganja juu ya bati kwa pamoja. Lilikuwa na joto la kikombe cha chai ambacho mtu anaweza kukishika hadi anywe yote.

Nyuma yetu kitu kikagonga. Ni Mama, amejivuta hadi dirishani kwa mkongojo, amefungua vioo vyote viwili na kuegemea kizingiti.

"Leo mbona hakunuki?" aliuliza.

Mdogo wangu akamweleza kwa Kisambaa, kwa urefu, habari ya waya mweupe na kebo ya taa. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Miaka miwili nafunga dirisha," alisema. "Nilijua ndiyo harufu ya kazi yenyewe."